Ziwa limehama, ramani iko palepale: siku moja ya katibu wa BMU

Saa 11:00 alfajiri

Usiku wa mbalamwezi huku kwetu Kigoma, kando ya Ziwa Tanganyika, ni usiku wa watu kulala majumbani. Dagaa hufuata taa, na mwezi ukiwa mpevu taa zetu hazifui dafu, kwa hiyo vipe vyote, vyombo vyetu vya kuvulia dagaa, vimefungwa ufukweni vinagongana taratibu kama masufuria. Ndiyo maana tuliichagua siku ya leo kwa kazi ambayo imenikosesha usingizi tangu masika: kupitia upya mipaka ya mazalia ya samaki.

Mimi ni katibu wa BMU, kikundi cha usimamizi wa rasilimali za uvuvi katika mwalo wetu. Kipo kisheria, wajumbe tunatoka kwa wavuvi na wachuuzi wenyewe, mshahara hakuna. Wapo wanaotuita polisi wa samaki. Kabla ya ukatibu nilikuwa naanika dagaa, na mpaka leo naanika, maana muhtasari wa kikao hauliki.

Napasha uji, nakagua begi: daftari, kalamu mbili (moja lazima itazama), ramani ndani ya mfuko wa nailoni. Mwenyekiti anapiga simu kusema petroli iliyopo ni ya kwenda tu. Namjibu habari ya kurudi tutaijadili tukishafika.

Saa 12:30 asubuhi

Napita ufukweni kwenda mwaloni. Mama mmoja, jirani wa siku nyingi, ameinama anatandaza kitu kwenye chandarua kilichochanika. Nilipomwamkia shikamoo aliitika marahaba bila kuinua uso, nikajua kuna jambo.

Nikachota kiganja kimoja. Kwa mbali ungesema ni dagaa. Ukisogeza macho unaona hawang'ai kama dagaa, wana madoa ya giza ubavuni, na midomo ni mipana kuliko ya dagaa yeyote. Ni watoto wa kuhe, urefu wa kiungo cha kidole. Kwenye kile kiganja niliwahesabu ishirini na saba, halafu nikaacha.

Kwa msiomjua, kuhe ni samaki wa Ziwa Tanganyika peke yake. Akikua anapita urefu wa mkono wa mtu mzima, na katika ukoo wake, ukoo huohuo wa perege na sato, ni miongoni mwa wakubwa kabisa duniani. Sokoni mmoja tu anatosha familia. Wale ishirini na saba hawajai hata kijiko cha mboga.

"Mama, hawa wametoka wapi?"

"Ziwani."

"Kwa chandarua?"

"Mwanangu, mwezi huu wote vipe vimelala. Unataka nianike mchanga?"

Sikuwa na jibu. Kisheria ningepaswa kuchukua kile chandarua. Nilimwambia jioni kuna mkutano chini ya mwembe, aje, asikose. Akasema atakuja akipata wa kumwachia mjukuu.

Saa 2:00 asubuhi

Afisa uvuvi amefika na boti kutoka mjini, na dumu la petroli amekuja nalo. Mwenyekiti ametabasamu kwa mara ya kwanza wiki hii. Tumekuwa watano: afisa, mwenyekiti, mimi, nahodha, na kijana wetu wa kuzamia ambaye ana miwani moja ya maji iliyofungwa kwa mpira wa baiskeli.

Nieleze kidogo tunachotafuta. Ziwa letu lina kina cha mita 1,470 pale lilipozama zaidi, na duniani linapitwa na Baikal tu. Ukisikia hivyo utadhani samaki wana nafasi tele ya kuzalia. Hawana. Ukishashuka mita mia na kitu, mia mbili kwa upande wa kusini, maji hayana oksijeni, na samaki haishi humo. Na kwa kuwa ufuko wetu unateremka ghafla kama paa la nyumba, sehemu ya kina kifupi yenye mwanga, mawe na mchanga safi ni ukanda mwembamba tu, kama pindo la kanga. Kwenye pindo hilo ndiko kuhe anakotaga. Huko ndiko kuna visamaki vinavyotagia ndani ya magamba matupu ya konokono, na wengine wanaolea mayai mdomoni. Mtu akikokota kokoro hapo asubuhi moja, nyavu inasomba mayai, magamba, watoto na mama zao. Ndiyo sababu kokoro ni haramu nchi nzima, na ndiyo sababu kijiji chetu kilitenga maeneo matatu ya mazalia na kuyawekea maboya.

Shida ni kwamba tulipochora ramani, maji yalikuwa chini. Tangu mwishoni mwa miaka ya 2010 ziwa limepanda sana. Mlisikia habari za Kibirizi, za Bujumbura na Uvira, watu kuhama nyumba na maji kuingia madukani. Magazeti yaliandika nyumba, barabara na bandari. Samaki wamehamia wapi, hilo hakuna aliyekuja kutuuliza.

Saa 3:00 asubuhi

Boya la kwanza hatulioni. Afisa anaangalia GPS, anasema tupo juu yake kabisa. Nahodha anazunguka mara mbili. Mwishowe kijana anainama ubavuni mwa boti na kucheka.

Boya liko chini. Ni dumu la lita 20 tulilolipaka rangi nyekundu, tukalifunga kwa kamba kwenye jiwe kubwa. Kamba tuliikata kwa kipimo cha kina cha wakati ule. Maji yamepanda, kamba haikurefuka, basi dumu limesimama wima chini ya maji, linavuta kwenda juu na jiwe linalikatalia, kama mtoto aliyeshikwa mguu. Mvuvi yeyote angepita juu yake na kuapa kuwa hakuona alama. Na asingekuwa anasema uongo.

La pili hivyohivyo. La tatu limekatika, limekwenda zake, labda liko Kongo.

Saa 4:15 asubuhi

Hapa ndipo palipotuchukua muda. Kijana amezama ndani ya mstari wa zamani mara sita, kila akiibuka anatikisa kichwa: mchanga mtupu, kina kirefu, giza. Mwenyekiti, ambaye amevua miaka arobaini, akasema kwa upole, "Afisa, weka hicho kidude. Twende kule tulikokuwa tunaanikia."

Uwanja wa zamani wa kuanikia dagaa sasa uko chini ya maji. Nilitandaza dagaa pale kwa mikono yangu. Boti ikaelea juu ya pale palipokuwa na kichanja changu, nikaazima miwani, nikalala kifudifudi na kutumbukiza uso.

Maji yalikuwa maangavu. Niliona nguzo mbili za kichanja zimesimama, zimeota ukungu wa kijani. Katikati yake, juu ya changarawe tuliyoimwaga sisi wenyewe ili dagaa wasishike mchanga, walikuwepo kuhe wawili wakubwa, wa rangi ya dhahabu iliyochanganyika na kijani. Mmoja alikuwa akizunguka nje, mwingine ametulia. Chini ya yule aliyetulia palikuwa na kitu nilichodhani ni kivuli cha boti. Kivuli kikasogea. Kilikuwa wingu la watoto, maelfu, kila mmoja mdogo kuliko punje ya mchele. Samaki mwingine mdogo akachungulia karibu na nguzo, na yule wa nje akamfukuza kwa kishindo mpaka mchanga ukatimka.

Kuhe baba na mama wanalinda pamoja. Wazee wetu husema wakiwa kwenye ulinzi huo hawali, na wakimaliza hawana nguvu ya kuishi tena. Niliwatazama mpaka kijana akanigonga mgongoni akidai miwani yake.

Afisa akachukua alama ya mahali pale, akaandika namba. Mwenyekiti hakusema "niliwaambia". Alijisafisha koo tu.

Tukaendelea kando ya matete yaliyozama. Kule ambako bustani za mchicha zilikuwa, kuna vigogo vya mipapai na katikati yake vifaranga vya ngege, jamaa ya perege, wamejaa. Nahodha akasema, "Samaki wanazalia jikoni kwa mzee fulani." Tulicheka wote, lakini nikaandika daftarini: *jikoni kwa mzee fulani*, kwa sababu kijijini kila mtu atapajua, na namba za GPS hakuna atakayezijua.

Saa 6:00 mchana

Mdomo wa kijito. Maji ya ziwa hapa yana rangi ya chai ya maziwa. Udongo unateremka kutoka mashamba ya mihogo ya mlimani, unatua juu ya mawe, na mawe yakishavikwa tope mwani hauoti, na samaki hawatagi juu yake. Kijana alipapasa jiwe moja, akaibuka na kiganja cha tope laini kama unga uliolowa.

Shamba la kwanza liko hatua chache kutoka majini. Sheria ya mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli kama hizi ndani ya mita 60 kutoka ukingoni mwa ziwa. Afisa akamweleza mwenye shamba kwa heshima zote, mzee wa watu, jembe begani. Mzee akasikiliza mpaka mwisho, akasema:

"Kijana wangu, shamba hili nilirithi. Lilikuwa mbali na maji, ulikuwa unatembea mpaka unachoka. Shamba halijasogea. Ziwa ndilo lililonifuata. Sasa nani kavunja sheria, mimi au ziwa?"

Afisa aliangalia viatu vyake. Naye ni kijana mwema, ametumwa na mita 60 mfukoni. Tulikubaliana jambo dogo tu: mzee ataacha matete yaliyobaki yaote, hatayakata wala kuyachoma, na sisi tutamtafutia miche ya kupanda kwenye kingo za kijito. Sijui kama mwanasheria angekubali kuwa ni halali kabisa. Ila matete yanachuja tope, na mzee alitupa mikono.

Saa 8:00 mchana

Ugali wa muhogo, mgebuka kwa mawese. Dakika ishirini za kimya. Sina la kuongeza.

Saa 9:30 alasiri

Mkutano chini ya mwembe. Kwa sababu ya mwezi wavuvi wamejaa, na wengi wamekuja kugomba.

Jeraha la 2024 bado halijapona. Mwaka ule ziwa lilifungwa kwa uvuvi miezi mitatu, kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti, ili samaki wazaliane. Hata mimi nililala njaa. Kwa hiyo mtu akisikia neno "kupumzisha" anasikia "kufunga". Mvuvi mmoja akasimama: "Mkishamaliza mazalia mtasema na ziwa lote. Na sisi tukitulia, wenzetu wa ng'ambo wanavua." Ziwa ni la nchi nne, kweli, na samaki wa kilindini hana pasipoti. Nikamwambia dagaa na mgebuka wanaweza kwenda Kongo, ila kuhe wa kwenye kichanja changu hatoki pale. Yule tukimmaliza tumemmaliza sisi.

Nikamweleza kila mmoja nilichokiona kwenye miwani. Nimegundua kitu: ukisema "makulio ya samaki" watu wanapiga miayo. Ukisema "pale tulipokuwa tunaanikia, kati ya nguzo zangu mbili", wanaweka simu chini.

Yule mama wa asubuhi alikuja, mjukuu mgongoni. Akanyoosha mkono. "Nataka kuuliza. Hayo maboya mkiyasogeza yaje ufukweni, sisi wanawake tutachotea maji wapi? Tutaosha vyombo wapi? Mmepima kwa boti. Kwa ndoo hamjapima."

Alikuwa sahihi. Mstari mpya ulikuwa unakata njia ya wachota maji. Ukafuata ubishi wa karibu saa nzima, ambao sitauandika wote. Mwisho: eneo la kichanja na eneo la matete tumekubaliana yahamishwe mpaka yafike yalipo mazalia sasa, na njia ya kuchotea maji iachwe wazi, upana wa mitumbwi miwili. Eneo la tatu, la kijitoni, limeahirishwa. Kokoro na vyandarua marufuku kotekote, hata njiani. Mama alipewa nafasi kwenye kamati ndogo ya kuonyesha mahali pa njia. Chandarua chake hakikutajwa na mtu. Jioni nilipopita hakikuwepo ufukweni.

Haya yote ni maazimio tu. Muhtasari unakwenda kwa mtendaji, kisha mkutano mkuu wa kijiji, kisha halmashauri ndiyo sheria ndogo ibadilike. Samaki wale watakuwa wameshatawanyika kabla muhuri haujakauka. Lakini alama tunaweza kuweka kesho kwa makubaliano, na makubaliano huku kwetu yana nguvu kama umeyafanya mbele ya watu.

Saa 2:00 usiku

Niko nyumbani na madumu matatu, rangi nyekundu iliyobaki kwenye kopo, na kamba. Safari hii kila kamba nairefusha pima mbili zaidi ya kina, na ya ziada naifunga fundo linalofunguka, maji yakipanda tuifungue, yakishuka tuifunge. Binti yangu anashika ncha moja, mimi nanyoosha mikono napima: moja, mbili, tatu. Dumu la kwanza limetosha. La pili limetosha.

La tatu kamba imeishia pima ya nne.

Binti ananiangalia, kisha anaangalia dirishani, kule uani ambako sare zake za shule zinaning'inia.

"Mama, hapana."

"Zimekauka?"

"Bado kidogo."

Tumetoka nje, mwezi unawaka kama mchana. Ameshika sare, mimi nafungua fundo la kamba kwenye mti wa mpera. Pima tatu na nusu. Kesho tutaanika kwenye michongoma.