Moduli ya kazi moja au ya kazi nyingi? Kwa anayepanga sanduku la kwanza huku Mbeya

Safu moja ya sanduku la Eurorack, yaani sinthesaiza unayoijenga kwa kuchagua vipande (moduli) mwenyewe, mara nyingi ina HP 84, kipimo cha upana wa moduli. HP moja ni milimita 5.08, kwa hiyo upana wote haufiki sentimita 43. Panga osileta (chanzo cha sauti) ya HP 10, kisha filta, VCA (kikuza sauti kinachoongozwa kwa volti), envelopu (inayoamua sauti inavyoinuka na kufifia), LFO (mawimbi ya polepole ya kuongoza moduli nyingine) na miksa za HP 8 kila moja: HP 50 zimekwisha na una sauti moja tu. Hapo ndipo wengi hukimbilia moduli yenye kazi zote kwenye bamba moja.

Si vibaya, ila kabla ya kulipa hesabu matundu ya jeki, achana na wingi wa vitufe vya kuzungusha. Moduli nzuri ya kazi nyingi huunganishwa kwa ndani kupitia jeki zenye swichi: osileta inaingia kwenye filta, filta kwenye VCA, na ukichomeka waya njia ya ndani inakatika. Envelopu ikifungwa jumla kwenye filta na VCA, bila tundu, hutaweza kufungua filta polepole huku sauti ikikatika haraka. Umeshapoteza nusu ya sababu ya kununua moduli.

VCA ya ndani nayo ina mtego wake. Ingiza LFO ya mawimbi ya mraba, ya polepole, fungua VCA yote, kisha toa kwenye mlango wa pichi wa osileta. Pichi inatakiwa iruke na kutulia hapo ilipofika. Ikiruka halafu ikateleza kurudi katikati, kuna kapasita njiani, inayozuia volti iliyotulia. VCA hiyo ni ya sauti tu, haitapunguza envelopu wala LFO.

Osileta ya analogi ningeiweka peke yake. Sehemu inayogeuza volti kuwa oktavu hubadilika kwa takribani asilimia 0.33 kwa kila digrii ya joto, na rezista ya kufidia lazima igusane na jozi ya transista. Kwenye ubao uliobanana, jirani na regyuleta (kidhibiti volti) inayochemka, fidia hiyo huyumba. Asubuhi za Juni na Julai hapa Mbeya, washa, subiri nusu saa, ndipo utyuni.

Na matengenezo je? TL072, chipu ya kukuza mawimbi, ya miguu minane, iliyo kwenye soketi, fundi redio yeyote pale Mwanjelwa anaibadilisha. Moduli ya kazi nyingi mara nyingi ina vipande vidogo vya kugandishwa juu ya ubao, pamoja na chipu yenye programu. Ikifa hiyo, kazi zote zimelala siku hiyohiyo.

Umeme: jumlisha miliampia za +12V na za −12V kila upande peke yake, uache robo ya ziada. Moduli za kidijitali hula zaidi upande wa +12V. Mstari mwekundu wa waya bapa unaopeleka umeme kwenye moduli ni −12V. Ukigeuza, moduli isiyo na diodi ya kinga inaungua, na kama ni ya kazi nne, umeunguza nne.