Mikono ya Esau

Wapendwa katika Bwana, kilichotukaa kifuani wiki hii ni kijina kilichoandikwa kwa penseli pembeni mwa karatasi. Tunasema juu ya picha za Biblia za Marc Chagall, Myahudi wa Vitebsk, ambazo baadhi yetu hapa Unguja tunazikusanya na kuzitundika sebuleni: Hajiri jangwani, Ruthu akiokota masazo, Ayubu akisali. (Swali la Kutoka 20:4, kama katazo la sanamu linagusa picha hizi, tumelijadili vya kutosha. Ambaye bado linamsumbua apite Minara Miwili, kanisa la Mtakatifu Yosefu hapa Mji Mkongwe, atazame kuta zilivyochorwa habari za Agano la Kale, kisha asome habari za Bezaleli katika Kutoka 31.)

Picha hizi zilitoka Paris ndani ya jarida la Verve, mara mbili: 1956 na 1960. Ni litografia, zilizochapwa kwenye karakana ya Mourlot. Mchoraji huchora kwa kalamu ya mafuta juu ya jiwe la chokaa au bati, kisha jiwe hulowanishwa. Wino nao ni wa mafuta, kwa hiyo hukataa palipo na maji na kushika palipochorwa tu. Kila rangi ina jiwe lake. Toleo la 1960 lina litografia 24 za rangi, na mgongoni mwa karatasi kuna picha nyingine nyeusi. Shikeni hili: karatasi za jarida zilitoka bila sahihi ya mkono na bila namba. Zile zenye sahihi zilichapwa kando, zina ukingo mpana na mgongo mtupu.

Basi ukiletewa karatasi ya takriban sentimita 35 kwa 26, mgongoni ina picha nyeusi, na mbele imeandikwa "Chagall" na 45/90 (yaani nakala ya 45 kati ya 90) kwa penseli, unasikia sauti ya Yakobo na kupapasa mikono ya Esau. Karatasi ni ya kweli, jina limevishwa baadaye kama ngozi za wana-mbuzi alizovaa Yakobo ili baba yake Isaka amdhanie ni Esau. Isaka alikuwa na udhuru, macho yake yalikuwa yamepofuka. Sisi tuna macho, na lenzi ya kukuza mara 10 si ghali. Itazame rangi kwa lenzi hiyo: litografia huonyesha chembechembe zisizo na mpangilio, kama alama ya chaki kwenye ukuta wa chokaa. Ukiona vitone vilivyopangwa safu kwa safu, hiyo ni nakala ya kiwandani, na sahihi haitaigeuza kuwa kitu kingine. Toleo la 1956 lina mtego wake pia. Humo mna nakala za michoro 105 ya Chagall iliyochongwa kwenye bati la shaba, na watu huziuza kama michoro yenyewe. Mchoro wa shaba ulio halisi huacha ukingo wa bati umedidimia kwenye karatasi, unausikia kwa kidole. Nakala ni bapa tupu.

Lakini hapa hatumkemei mwuzaji peke yake. Yupo ndugu anayejua fika kwamba sahihi ni ya uongo, akanyamaza kwa sababu mgeni wa hotelini atalipa mara kumi. Ndugu, mizani ya hadaa ni chukizo kwa Bwana hata kama aliyeichezea ni mwingine na wewe umeirithi tu. Yupo na mwingine, ambaye Mithali 20:14 inamfahamu: anakiponda kitu mbele ya mama mjane aliyeachiwa jarida zima na marehemu mumewe, anamwambia ni makaratasi ya zamani, kisha anatoka mlangoni akijisifu. Halafu analichana jarida, anauza karatasi moja moja! Mjane yule ulimwita mama. Rudi kwake. Zakayo hakungoja aitwe barazani, alisimama mwenyewe akasema atarudisha mara nne.

Kuhusu utunzaji tuseme machache, maana masika haina huruma. Kuta za Mji Mkongwe ni mawe ya matumbawe na chokaa, zinavuta maji na chumvi, kwa hiyo fremu isiguse ukuta. Bandika vipande vya kizibo nyuma, kwenye pembe nne, hewa ipite. Mkataze fundi kuweka plaiwudi au hadibodi nyuma ya picha, asidi yake huchora madoa ya kahawia. Weka kadibodi ya pamba isiyo na asidi, na picha isiguse kioo, kwa sababu unyevu ukikaa hapo katikati ukungu hufuata.

Gundi ndiyo balaa kubwa. Karatasi hutanuka kwa unyevu na kunywea kwa kiangazi, ukiibana pande zote inajikunja mawimbi, na ukiigandisha kwenye ubao umeufukia ule mgongo wenye picha ya pili. Selotepu usiisogeze karibu kabisa. Tumia vishikizo viwili vya karatasi nyembamba ya Kijapani, ukingo wa juu tu, kwa uji mzito wa wanga wa ngano.

Penseli ya uongo usiifute mwenyewe, utakwaruza karatasi. Iache, na nyuma ya fremu uandike kwa mkono wako: "Verve, 1960. Imetolewa bila sahihi. Jina lililo mbele si la mchoraji."