Hapana mzee, umenifananisha

Ni saa saba usiku, nimeshalala mara mbili na mara mbili nimeamka, basi wacha niandike pengine litanitoka.

Harusi imepita salama, bibi harusi mmemuona kwenye picha, barua ya kazi nayo imetoka na nimepita, hayo tutayazungumza siku nyingine. Mimi kinachonikaba ni maneno matatu niliyomjibu mzee mmoja Kibokoni, kule Mji wa Kale Mombasa, Jumapili iliyopita.

Ilikuwa hivi. Wifi yangu alikuwa hajawahi kufika Mombasa, kwa hiyo asubuhi ya baada ya harusi, wenzake wote wamelala kama magunia, yeye kashavaa raba anasema harudi Nakuru bila kuiona Fort Jesus. Nikamchukua na mwanangu, Bwana Mdogo, tukaenda. Na mi nikajitia mtembeza wageni, si ndiyo kwetu, nimekulia vichochoro vile, nikaanza kumsomea kabla hata hatujakata tikiti, ati unaona jiwe lile juu ya mlango, la mwaka 1635, kapteni wa Wareno anajisifu humo alivyowatiisha watu wa pwani, na ngome yenyewe ilianza kujengwa 1593, aliyeichora ni Mtaliano, ukiitazama kutoka juu ina umbo la mtu amelala chali. Wifi akauliza kichwa kiko wapi. Nikamwonyesha upande wa bahari kwa kidole cha mtu mwenye uhakika.

Nilimpeleka kila mahali, wallahi. Nikamwambia habari ya Waomani walivyoizingira kuanzia Machi 1696 mpaka Disemba 1698, miezi 33, na wale wa ndani maradhi yaliwamaliza kuliko risasi, na meli ya Wareno iliyokuja kuwaokoa, Santo António de Tanná, ikazama papo hapo mbele ya ngome 1697, vyombo vilivyotolewa chini ya bahari ndivyo hivi viko kwenye kabati. Wifi anachouliza yeye ni miezi yote hiyo walikuwa wanakula nini. Bwana Mdogo yeye aligoma kuondoka penye ile michoro ya ukutani, mnaijua, askari wa Kireno walipochoka kulinda walichora meli na samaki na watu kwa makaa na udongo mwekundu. Akakaa pale dakika ishirini. "Mama, hawa walichora ukuta na hakuna mtu aliwachapa?"

Halafu nikamsimulia Yusuf bin Hassan, hichi kisa nakipenda tangu shule. Mtoto wa mfalme wa Mombasa, babake aliuawa, Wareno wakampeleka Goa, kule India, angali mdogo, wakambatiza Dom Jerónimo, wakamrudisha awe mfalme wao mtiifu. 1631 akaingia ngomeni na watu wake, akamuua kapteni, akarudi kuwa Yusuf. Wifi akasema, "Huyo alikuwa na majina mawili kama mtu wa mikopo." Tukacheka sana. Sikujua nachekea nini.

Tukatoka tukafuata Ndia Kuu, wifi anapiga picha kila mlango wa nakshi na kila paka aliyelala kibarazani, tukateremka mpaka Bandari ya Kale, majahazi yalikuwepo mawili tu. Babangu alikuwa akisema zamani yakija na kaskazi yalikuwa yanajaa, siku hizi kazi yote iko Kilindini. Jua likatuchoma, nikasema twendeni Kibokoni tunywe kahawa chungu kivulini.

Sasa hapo. Muuza kahawa anatumiminia, dele linafuka, mi nimeshika kikombe kwa vidole viwili namuonyesha wifi asije akaungua, na barazani kuna wazee wanne wanacheza dhumna. Mmoja, ana kofia ya vito imekwisha rangi, ananitazama tu. Ananitazama mpaka nikajirekebisha mtandio. Akasema:

"Mwanangu, niwia radhi. Weye si mwana wa Fundi Saa?"

Na mi, bila hata kumeza ile kahawa:

"Hapana mzee, umenifananisha."

Akanitazama tena kidogo. "Basi niwia radhi. Ni hilo paji." Akapiga kete yake mezani, kisha, kama anajisemea, "Haya, nikimuona mwanawe ntampa."

Basi. Kwisha. Akaendelea na mchezo.

Utampa nini?! Huo ni usiku wa tano naamka na swali hilo. Na siwezi kuuliza manake mimi si mwanawe, nimeshasema mwenyewe, mchana kweupe, mbele ya mashahidi wanne na muuza kahawa. Nilisimama pale nasubiri labda mwenzake atauliza nisikie, hakuna aliyeuliza. Bwana Mdogo akataka kashata, nikalipa, tukaondoka, na nilitembea haraka kama niliyeiba.

Nyinyi wa siku nyingi mnajua kwa nini. Babangu alikuwa na meza yake chini ya ngazi, ana kile kisanduku cha kioo na lenzi nyeusi ya kubana jichoni, na kila mteja jibu lake lilikuwa moja: njoo kesho baada ya alasiri. Kesho ya babangu ilikuwa haifiki. Alipofariki alituachia bati la biskuti limejaa saa za watu, nyingine hazina akrabu, nyingine ni mkanda tu. Hata arubaini haijafika watu wakaanza kubisha mlango, wenye saa na wasio na saa, mmoja alidai ya dhahabu ambayo mamangu aliapa haijawahi kuingia nyumba ile. Mi nilikuwa wa kufungua mlango. "Mama hayuko." "Si hapa." "Umekosea nyumba." Nilikuwa na miaka kumi na miwili na nilikuwa hodari, ningeweza kumtazama mtu mzima machoni nikamwambia umekosea nyumba. Kwa hiyo Jumapili mdomo ulijibu wenyewe, kichwa kilikuja nyuma.

Lakini ntampa si kudai jamani. Mtu anayekuja kudai hasemi ntampa.

Na wifi alisikia. Alikaa kimya mpaka tumo kwenye treni, tumeshapita Voi, akavua viatu akasema taratibu, "Kwani baba yenu si alikuwa fundi wa saa?" Nikajifanya nimelala. Yule Yusuf angalau alikana jina alilovishwa na wageni, na akateka ngome. Mi nimekana la mzazi wangu na sikupata hata kikombe cha kahawa cha bure.

Leo jioni nikaona hapana, nitapasuka, nikampigia Dada. Nikamueleza yote, kofia, paji, ntampa. Upande wa pili kimya. Nikadhani network. Kumbe anacheka, ile ya kukosa pumzi, ya mpaka anakohoa.

"Wanacheza dhumna?"

"Ndio."

"We mjinga, huyo si wa saa. Huyo ni wa kete."

Ati babangu akifungwa kwenye dhumna alikuwa anaondoka na kete moja mfukoni makusudi, ili kesho wasiweze kucheza bila yeye. Moja tu, kisha anarudi nayo, wanamtukana, wanacheza. Mi hili sikuwahi kulijua, mi nilikuwa mtoto wa mlangoni, Dada ndiye aliyekuwa anatumwa barazani kumuita chakula kimepoa. Nikamwambia subiri, nenda kwenye lile bati. Bati liko kwake Likoni juu ya kabati. Nikamsikia anapanda kiti, anapekua, saa zinagongana, akarudi kwenye simu hacheki tena.

"Ya sita kwa sita," akasema. "Ipo. Imegeuka njano."

Mi nilikuwa naijua ile! Nimeiona miaka yote, nilidhani ni kipande cha saa ya ukutani. Tukacheka, tukalia kidogo, tukacheka tena, mume wangu akaja mlangoni kutazama kama kuna msiba. Maana fikiria, babangu, mtu wa kesho baada ya alasiri, ameondoka na kete ya watu na hakuirudisha, na wale wazee miaka yote hiyo wanacheza na nini? Dada anasema labda walichonga nyingine kwa mti.

Bado sijui yule mzee alitaka kumpa nini huyo mwana wa Fundi Saa. Dada anasema labda ni matusi, yamelimbikizwa. Tumekubaliana nikishuka Disemba tunakwenda wote wawili, yeye ndiye atakayesema, mi nitasimama nyuma na kete. Naogopa kidogo. Wazee wa aina ile Disemba ni mbali.

Nilidhani nikishaandika usingizi utakuja, lakini sasa nasikia bomba la juu linakoroma. Maji ya kanjo hayajaja tangu Jumatano, tangi limebaki robo, na wifi ameloweka nguo zote za harusi kwenye mabeseni matatu ati kesho alfajiri anasuuza.