Kumbukumbu ya mradi wangu: kutoka wodi ya Moshi kwenda Hannover

Hali ilivyo hadi leo: mkataba umesainiwa, pasipoti ipo, barua ya mamlaka ya jimbo imefika, mtihani wa Kijerumani wa ngazi ya B2 nimeumaliza nusu, viza bado. Na suala la bima ya mama limekaa sawa, ambalo kwangu ndilo lililokuwa limeshikilia mengine yote.

Kwa wanaoanza kufuatilia sasa: mimi ni nesi mwenye diploma, niko wodi ya upasuaji hapa Moshi, na hospitali moja ya Hannover, kaskazini mwa Ujerumani, imenipa kazi. Naandika kwa ajili yangu na kwa manesi wenzangu wanaonisimamisha koridoni kuuliza nimeanzia wapi.

Machi: saa za darasani na saa za wodini

Wengi wakifikiria Ujerumani huanza na cheti. Cheti peke yake hakifiki mbali. Kule uuguzi hutambuliwa na majimbo, yako 16, na wao huweka masomo yako kando ya masomo yao na kulinganisha. Mwanafunzi wao husoma miaka mitatu, na ndani yake kuna saa zisizopungua 2,100 za nadharia na 2,500 za vitendo. Kwa hiyo wanataka kuziona saa zako, somo kwa somo, wodi kwa wodi. Transkripti yangu ina majina ya moduli na alama, basi.

Nilirudi chuoni. Mwalimu wa taaluma alinikalisha ofisini kwake, akafungua mtaala na daftari langu la vitendo, tukaanza kuhesabu. Wodi ya watoto wiki ngapi, leba wiki ngapi, afya ya jamii kijijini wiki ngapi, kila wiki saa ngapi. Alikuwa na wanafunzi wanamsubiri mlangoni na bado hakuruka mstari hata mmoja. Barua ya saa hizo aliyoniandikia, yenye muhuri wa chuo kila ukurasa, ndiyo karatasi yenye thamani kuliko zote nilizo nazo. Ukiwa bado unasoma, tunza daftari lako la vitendo. Usimwazime mtu.

Halafu jina. Cheti cha kuzaliwa kilikuwa na herufi moja ambayo haipo kwenye cheti changu cha kidato cha nne, kalamu ya karani wa zamani hiyo. Hapa nyumbani nimeishi nacho bila taabu. Kwa Mjerumani ni watu wawili. Nikapitia kwa wakili, nikaapa, nikalipia hati ya jina, kisha nikapanga mezani cheti cha kuzaliwa cha RITA, kitambulisho cha taifa cha NIDA, vyeti vya mitihani vya NECTA, leseni ya Baraza la Uuguzi na Ukunga na pasipoti, nikasoma jina herufi kwa herufi. Fanya hivyo kabla hujampa mfasiri kazi, maana mfasiri aliyeapishwa hutafsiri anachokiona, na hulipwa kwa ukurasa au kwa mstari, jina liwe sawa au lisiwe.

Pasipoti: shilingi 150,000, miaka kumi. Hiyo haikunisumbua.

Mei: barua ya mapungufu

Mamlaka ya jimbo ilijibu kwamba elimu yangu inalingana kwa sehemu. Kinachopungua ni uuguzi wa wazee, uuguzi wa nyumbani, na sehemu ya afya ya akili. Sababu yake naielewa. Tangu tarehe 1 Januari 2020 Wajerumani waliunganisha fani tatu zilizokuwa mbalimbali, uuguzi wa watu wazima, wa watoto na wa wazee, zikawa fani moja. Sisi tuna dirisha la wazee pale mapokezi, lakini mzee akilazwa analala wodi ileile na kijana wa bodaboda aliyevunjika mguu. Hakuna saa za wazee peke yao za kuandika.

Kuna njia mbili za kuziba pengo: mtihani wa maarifa au mafunzo ya kujazia. Mwajiri ananipeleka kwenye mafunzo. Mpaka yaishe, mkataba unaniita msaidizi wa uuguzi, na mshahara ni wa msaidizi. Nimelikubali hilo macho wazi, ila kifungu cha kurudisha gharama nikiacha kazi mapema nilikisoma na mwalimu wangu wa Kijerumani neno kwa neno. Niliomba deni lipungue kadiri miezi ya kazi inavyosogea. Wakakubali, wakabadilisha. Mtu asikuambie mkataba wa Mzungu hauulizwi.

Na wakala anayetaka umtumie pesa kwanza ndipo akuoneshe mwajiri, achana naye. Hospitali yangu niliiandikia mwenyewe.

Juni na Julai: lugha, na presha ya mama

Kuingia wengi huingia na B1, ngazi iliyo chini ya B2, lakini leseni kamili ya nesi hudai B2. Mtihani wa B2 wa Goethe, taasisi ya lugha ya Kijerumani, una moduli nne, kusoma, kusikiliza, kuandika na kuongea. Kila moja ni alama 100 na kufaulu ni 60, na unaruhusiwa kuzifanya kwa vipande. Kusoma na kuandika nimeshafaulu. Zilizobaki ndizo za sikio na mdomo.

Kinachonipa kazi zaidi sikioni ni namba. Wajerumani hutaja mamoja kabla ya makumi. 84 kwao ni nne na themanini, 48 ni nane na arobaini. Darasani ni zoezi, wodini ni uhai wa mtu. Mapigo 84 kwa dakika unaandika na kupita. Mapigo 48 kwa mgonjwa aliyetoka upasuaji unamwita daktari. Ripoti ya kubadilishana zamu hutolewa haraka, na mtu aliyekesha hatakurudia kila namba.

Basi nikaleta mazoezi nyumbani. Mama ana presha, na kila jioni hupimwa. Anakaa kwenye kiti chenye mgongo, miguu chini, mkono juu ya meza usawa wa moyo, dakika tano bila maongezi. Dakika tano bila maongezi kwa mama ni adhabu. Nafunga kitambaa juu ya kiwiko, nabonyeza, na mashine ikimaliza nasoma kwa Kijerumani kwa kasi: mia na nane na thelathini kwa nne na themanini. Binti wa dada yangu, yuko kidato cha tatu, anaandika alichosikia daftarini bila kutazama kioo. Kisha tunabadilishana, yeye anapima na kusoma, mimi naandika.

"Haya, leo Wajerumani wanasemaje?" mama anauliza akiachiwa mkono.

"Wanasema upo vizuri, mama. Lakini dawa ya usiku wanaidai."

Binti sasa anapima vizuri kuliko baadhi ya wanafunzi ninaowapokea wodini. Anajua kutomfunga bibi yake kitambaa juu ya sweta, na anajua namba gani ni ya kunipigia simu na ipi ni ya kuita bajaji papo hapo. Wakati wa baridi Hannover iko nyuma yetu kwa saa mbili, wakati wa kiangazi saa moja. Kipimo cha saa mbili usiku Moshi kitanikuta saa kumi na mbili au saa moja jioni. Nikiwa zamu ya asubuhi nitakuwa nimeshatoka.

Bima ndiyo iliyoninyima usingizi. Mama ni mtegemezi kwenye kadi yangu ya NHIF, mfuko wa taifa wa bima ya afya. Siku ajira yangu ya hapa inakoma, kadi yake nayo inakoma, na dawa za presha na kliniki haziwezi kungoja nipate mshahara wa kwanza Ulaya. Mdogo wangu ni mwalimu, ana mke na watoto wawili, na mwanachama huruhusiwa wategemezi watano. Nafasi ilikuwepo. Tumefuatilia fomu sisi wawili, na mama atahamia kwake mwezi uleule ninaoacha kazi, kusiwe na siku katikati. Nesi unayejiandaa kuondoka na una mzazi kwenye kadi, anza na hili kabla ya tiketi.

Agosti: kuogesha

Hapa kwetu ndugu ndiye anayemwogesha mgonjwa, anamlisha, anamgeuza. Saa ya kuona wagonjwa ikifika, geti linajaa hotipoti za mtori, chupa za chai na kanga safi. Sisi tunashika dawa, dripu, vidonda na makaratasi. Hannover kazi ya ndugu ni ya nesi: kuogesha kitandani, kusafisha kinywa, kutoa choo, kulisha kijiko kwa kijiko. Wapo wenzangu wanaoliona hilo kama kushushwa cheo. Mimi silioni hivyo. Ukimwogesha mgonjwa unamwona mgongo wote, unakiona kidonda cha kulalia kikiwa bado ni wekundu tu. Nimemwomba sista mkuu anipangie wagonjwa wasio na ndugu, niwahudumie mwanzo hadi mwisho. Kila ninapomgeuza mmoja wao naona kitu ambacho kwenye faili hakikuandikwa.

Nimeulizwa kama sioni vibaya kuiacha Moshi. Naona. Orodha ya Shirika la Afya Duniani ya 2023 ina nchi 55 zenye uhaba mkubwa wa wahudumu wa afya, na Tanzania imo. Haimzuii mtu kujiombea kazi, inazionya nchi nyingine zisije kuzoa wauguzi kutoka nchi hizo. Pengo la wodini kwangu ni la kweli. Ni kweli pia kwamba kuna manesi waliohitimu wako nyumbani wanasubiri ajira. Nilichoweza kukifanya ni kukabidhi: dada aliyeajiriwa mwaka huu nafunga naye vidonda kila zamu tunayokutana, na wagonjwa wa vidonda vya kisukari sasa wanamwita yeye.

Vidogovidogo

Koti nimelipata mitumba, soko la Memorial. Nilijaribu zipu juu chini, nikageuza mifuko, nikanusa kwapa, ndipo tukaanza bei. Desemba Hannover jua linazama muda mfupi baada ya saa kumi jioni, kwa hiyo nimechagua lenye rangi ya kuonekana barabarani.

Hati ya tabia njema ya polisi nimeiacha mwisho kwa makusudi, kwa sababu huko mara nyingi hutaka isiyozidi miezi mitatu.

Kinachofuata: basi la Dar es Salaam, moduli ya kusikiliza na ya kuongea, kisha ubalozi nikiwa na seti mbili za nakala. Nikirudi nitaandika waliyoniuliza na karatasi walizozirudisha.