Sauti Yangu Kwenye Kanda

Kwenye kanda ile, kabla kitu chochote hakijaonekana, kuna sauti yangu. Inasema, "Cheki ile nyota inavyowaka." Baada ya hapo unasikia kidole kikihangaika na vitufe, picha inayumba, unaona ukingo wa paa, kisha anga tupu, kisha kitu kinajaa kwenye kioo: umbo la almasi, jeupe, kijani kidogo ukingo mmoja na zambarau ukingo wa pili, likivimba na kunywea kama kitu kinachopumua.

Kwa wiki tatu nzima hakuna aliyeyasikia maneno yale ya nyota. Wa kwanza kutoyasikia nilikuwa mimi niliyeyasema.

Ilikuwa Jumamosi, tarehe 3 Aprili 2004. Tarehe naijua kwa sababu iko pembeni ya picha, kwa tarakimu nyeupe. Nilikuwa na miaka kumi na tisa na kamera ya video ya kanda ndogo iliyokwisha kupita mikono miwili kabla ya wangu. Ubavuni iliandikwa 800x kwa rangi ya dhahabu, na mimi nilikuwa naiamini ile namba kama mtu anavyoamini cheti. Jua lilikuwa limeshazama, mwanga umebaki upande wa magharibi tu. Nilikuwa namrekodi mdogo wangu akipiga danadana uani. Alipochoka nikainua kamera juu, nikaona ile taa, nikavuta picha mpaka mwisho.

Kilichofuata hakikuzidi dakika nne. Almasi ikaja, ikapotea, ikarudi. Ikaruka kushoto. Ikatulia, ikawa kama inazunguka. Halafu ikazimika. Nilipoishusha kamera mikono ilikuwa inatetemeka, na hilo nalikumbuka vizuri kwa sababu mdogo wangu aliniuliza kama nasikia baridi.

Usiku ule ule tuliunganisha kamera na televisheni. Kwenye kioo kikubwa kile kitu kilichukua karibu nusu ya skrini. Mama aliweka mkono mdomoni. Kesho yake wakaja majirani, na kesho kutwa majirani wa majirani. Kila wageni wapya nilikuwa nawawekea kuanzia pale almasi inapotokea. Mwanzo wake, ule wa danadana na ukingo wa paa, niliuona hauna maana. Na sauti ya televisheni nilikuwa naipunguza ili niweze kusimulia.

Simulizi nayo ikaota mbawa. Siku ya kwanza nilisema ni chombo cha kutoka angani, na kwamba kilikuwa kimya. Siku ya tatu nikasema kimya kilikuwa cha ajabu. Kufika wiki ya pili, mbwa wote wa mtaa walikuwa wamenyamaza kwa pamoja kama waliofungwa midomo. Nataka nieleweke hapa: sikuwa nadanganya. Kila nilichokisema nilikuwa nakiona kichwani wakati nakisema, kikiwa wazi kuliko mambo mengi yaliyotokea kweli. Hata mama, ambaye jioni ile alikuwa jikoni, alikuja kukumbuka mwanga mweupe uliopita dirishani. Mgeni mmoja alimuuliza, "Ulikuwa na rangi gani?" Akajibu, "Kama kijani." Alikuwa ameshaiona kanda mara kumi.

Mjomba alikuja mwishoni mwa mwezi. Maisha yake yote alikuwa fundi wa kamera, kwanza zile za filamu, kisha za video. Vidole vyake vilikuwa na makovu madogo ya moto wa kuchomelea. Aliketi, akatazama kanda yote bila neno. Nilipomaliza kusimulia akasema, "Rudisha." Nikarudisha pale almasi inapoanza. Akatikisa kichwa. "Rudisha zaidi, mjomba." Ndivyo tulivyokuwa tukiitana, mjomba kwa mjomba.

Nikarudisha mpaka kwenye danadana. Akaomba rimoti, akaongeza sauti.

Mbwa walikuwa wanabweka. Hawakunyamaza hata sekunde moja, tangu mwanzo hadi mwisho, mmoja wa karibu na wengine wa mbali wakimjibu. Na katikati ya mbweko, sauti ya kijana aliyetulia kabisa: "Cheki ile nyota inavyowaka."

Mdogo wangu akacheka. Mimi masikio yakawaka moto.

Mjomba hakucheka, na namshukuru mpaka leo. Aliuliza tu, "Hapa ulisema nyota. Baadaye ikawa chombo. Kati ya hapo na hapo ulifanya nini?" Nikamwambia nilivuta picha. "Ulivuta mpaka wapi?" Nikamwonyesha ile namba ya dhahabu. Akaguna. Akaeleza kwamba lenzi yenyewe inavuta mara 20, mengine yote ni kompyuta ya ndani inachukua kipande kidogo cha katikati na kukitanua, kama unavyotanua picha ya gazeti mpaka inakuwa madoa matupu. Na kadiri unavyovuta, ndivyo mtikisiko mdogo wa mkono unavyogeuka tetemeko. Akanirudisha pale kitu kinaporuka kushoto, akasimamisha picha, akaisogeza kidogokidogo. Kwenye kona ya chini kulikuwa na ncha ya tawi la mti. Nayo iliruka kushoto, pamoja na almasi, kwa kipimo kilekile.

"Basi mti nao unaruka," alisema mdogo wangu. Nilitamani kumpiga.

Kuzimika nako tukakutazama polepole. Hakukuwa kwa ghafla hata kidogo. Mwanga ulififia kwa sekunde sita hivi, kuanzia upande mmoja, kwa sababu wingu lilikuwa linapita. Wingu hilo hilo ndilo lililofanya nyota ionekane inatembea kabla sijavuta picha: mawingu yakienda kulia, jicho linayaona yametulia na kuikabidhi nyota safari ile, ikielekea kushoto. Aliyewahi kukaa ndani ya treni iliyosimama huku ya pembeni ikiondoka anaijua hisia hiyo tumboni.

Yote hayo ningeweza kuyavumilia, maana nilikuwa bado na almasi. Nyota haina pembe nne. Nikamwambia hivyo, kwa ukali usiostahili kwa mtu mzima.

"Ngoja giza," akasema.

Giza lilipoanza kuingia tukatoka. Mwisho wa barabara, mbali, kulikuwa na taa ya ulinzi juu ya nguzo. Aliweka kamera juu ya ukuta ili isitikisike, akaniambia nivute mpaka ile taa ijae kwenye kioo. Ilikuwa taa tu. Kisha akazima fokasi ya kamera, ile inayojitafutia yenyewe, akaizungusha kwa mkono nje ya mahali pake. Taa ikatanuka, ikapoteza kingo, ikawa almasi. Jeupe lilelile, na ule ukingo wa kijani. Akaizungusha mbele, ikanywea. Akairudisha, ikavimba. Ndiyo ile pumzi. Kamera inapokosa cha kushika kwenye anga tupu, fokasi inakwenda mbele na nyuma kama kipofu anayepapasa mlango, na kila inapopita nyota inavimba na kusinyaa.

Halafu akaigeuza kamera, akamulika kurunzi ndogo ndani ya lenzi, akaniita nichungulie. Nilidhani nitaona tundu la duara. Kilichokuwa mle ndani ni vipande viwili vyeusi vyembamba, kila kimoja kimekatwa pembe kama herufi V, vikielekeana. Alipozidisha mwanga vikasogeleana, na nafasi iliyobaki katikati yake ilikuwa almasi ndogo kama punje ya mchele. Kamera za bei kubwa, akasema, zina vipande vingi, sita au zaidi, tundu linakaribia duara. Yangu ilikuwa na viwili. Mwanga wowote ulio nje ya fokasi unachukua umbo la mlango ulioupitia.

Nilichungulia mle ndani muda mrefu. Wiki tatu nilikuwa nawaonyesha watu tundu la kamera yangu mwenyewe.

"Na hiyo nyota ni sayari, Zuhura," aliongeza wakati anafuta lenzi kwa upindo wa shati. Mwezi ule ilikuwa inang'aa magharibi kila jioni baada ya jua kuzama, na usiku ule wa tarehe 3 ilikuwa inapita ubavuni mwa Kilimia, lile kundi dogo la nyota, jambo ambalo yeye alikuwa amelitazama kwa macho yake akiwa kwao. Jua na mwezi ukiviweka kando, hakuna nyota wala sayari inayong'aa angani kuizidi. Nikamuuliza kama basi watu wote wanaorekodi vitu angani wamerekodi Zuhura. Akasema, "Angani sijawahi kufika. Ila lenzi nimefungua nyingi."

Jibu hilo lilinikera wakati ule. Nilitaka aniambie yote ni uongo, ili angalau aibu yangu iwe na wenzake.

Nimelikumbuka mara mbili sana baadaye. Mara ya kwanza ni Aprili 2020, Pentagon, wizara ya ulinzi ya Marekani, ilipotoa rasmi video tatu za vitu visivyotambulika zilizorekodiwa na marubani wa jeshi lake la majini, moja ikiwa ya Novemba 2004, mwaka uleule wa almasi yangu. Katika ile inayoitwa GOFAST kitu cheupe kinateleza juu ya bahari kwa kasi ya kutisha. Lakini namba ziko palepale kwenye kioo: ndege iko futi 25,000, yaani kilomita 7.6; kamera imeinama nyuzi 26; kitu kiko maili za baharini 4.4, kama kilomita 8.1. Nikachora pembetatu nyuma ya bahasha. Kitu kiko kilomita 3.6 chini ya ndege, kwa hiyo kiko kama kilomita 4 juu ya maji, wala hakijayakaribia. Mbio nyingi unazoziona ni za ndege inayorekodi; bahari iliyo nyuma ndiyo inayokimbia kwenye picha, kama vile mti wa karibu unavyokimbia ukiutazama kutoka ndani ya gari. Jopo la NASA, shirika la anga la Marekani, lilipopiga hesabu zake mwaka 2023 lilipata kasi ya kama kilomita 64 kwa saa. Upepo wa kule juu unaweza kukisukuma kitu kwa kasi hiyo.

Mara ya pili ni zile pembetatu za kijani zilizorekodiwa usiku kutoka kwenye meli ya kivita. Mei 2022 Scott Bray, naibu mkurugenzi wa ujasusi wa jeshi la majini, aliiambia kamati ya Bunge la Marekani kwamba umbo la pembetatu lilitokana na mwanga kupita kwenye miwani ya kuonea usiku kisha kurekodiwa na kamera. Vitu vyenyewe alisema ni droni. Ubishi juu ya taa zile uliendelea, lakini mimi nilikuwa nimekaa nacheka peke yangu. Wao pembetatu, mimi almasi.

Lakini mwaka 2004 haukuwa umeisha. Mjomba alirudi Juni, na safari hii aliniambia mapema: Jumanne tarehe 8 nisiende popote, yule mgeni wangu, Zuhura, atapita mbele ya jua. Jambo hilo lilikuwa halijatokea tangu 1882. Aliweka darubini ya macho mawili kwenye stendi ya kamera, akafunika jicho moja kwa kifuniko chake, akaielekeza juani bila mtu yeyote kuchungulia. Alimtishia mdogo wangu kwamba akithubutu atakuwa kipofu kabla hajafumba. Mwanga uliotoka nyuma ukaangukia kwenye karatasi nyeupe iliyobandikwa ubaoni: jua zima, duara la upana wa sentimita kumi hivi, likitetemeka kingo.

Na ndani yake, doa jeusi la milimita tatu. La duara kabisa. Linatembea polepole mno, ilibidi uondoke na urudi ndipo utambue kuwa limesogea. Lilichukua karibu saa sita kuvuka.

Mdogo wangu alilikodolea macho. "Ndiyo ile?"

"Ndiyo ile."

"Mbona ndogo hivyo?"

Mama alitoka jikoni akipangusa mikono. Mjomba alimweleza tangu mwanzo, kwa heshima zote, Zuhura ni nini, ilikuwa wapi Aprili, imefikaje hapa. Mama aliinama, akalitazama lile doa kwa makini, akakubali kwamba ni zuri. Akainuka.

"Hiyo sawa," alisema. "Lakini ile iliyopita dirishani kwangu ilikuwa nyingine."

Dirisha la jikoni linatazama mashariki. Mjomba alijua, nami nilijua. Hakuinua kichwa. Jua lilikuwa limeanza kutoka nje ya karatasi, akasogeza ubao kidogo kulifuata.