Jicho langu siku mbili, mguu wa mama miezi saba

Mwaka juzi tukiwa tunavuna mahindi kule Mbozi jani likanichapa jichoni, yale majani makavu yenye makali kama wembe, machozi yakawa yanamwagika tu na mwanga wa jua siuwezi kabisa. Kliniki ya macho nesi akanigusisha kikaratasi chenye rangi ya chungwa kwenye kope la chini, akazima taa akawasha kitochi cha bluu, dada aliyenisindikiza akasema aisee kuna mstari wa kijani hapo katikati kama umechorwa na kalamu. Ndo mkwaruzo wenyewe huo. Nikapewa dawa ya matone na kuambiwa nirudi kesho bila kukosa, maana jani linaweza kuingiza fangasi na fangasi wa jicho ni hatari sana. Nikarudi kesho, nikarudi keshokutwa, mstari haupo.

Sasa kipindi hichohicho mama alikuwa na kidonda unyayoni, chini ya kidole gumba, hakizidi sarafu ya shilingi mia, na kilishamaliza miezi minne. Mama ana kisukari. Iliniuma kwa kweli, nikawa nasoma usiku usiku kwenye simu nijue kwa nini mimi siku mbili na yeye miezi.

Kumbe seli zinapeana taarifa. Kuna protini ndogondogo zinazitwa vichocheo vya ukuaji, zinaiambia seli sogea, gawanyika, jenga mshipa mpya wa damu. Mojawapo aliigundua Stanley Cohen, mwanasayansi Mmarekani, alikuwa anafanya kazi na mwenzake Rita Levi-Montalcini, aliyegundua kichocheo cha ukuaji wa neva, akawachoma vitoto vya panya sindano ya maji yaliyotolewa kwenye tezi za mate za panya wakubwa, basi macho yakafunguka siku ya 7 hivi badala ya siku ya 13 au 14, na meno nayo yakawahi. Wengine wangepita tu, yeye akaing'ang'ania mpaka akaitenga hiyo protini, akaitangaza 1962, na 1986 wote wawili wakapewa Nobel. (Jirani aliyemshauri mama apake mate ya asubuhi, naomba unielewe, mdomo wetu una bakteria kibao, usipake kwenye kidonda wala jichoni.)

Ile sehemu ya mbele ya jicho, konea, haina mishipa ya damu, vichocheo vyake vingi vinaletwa na machozi na neva. Ukikwaruzwa juujuu, seli za pembeni zinateleza kuja kuziba pengo hata kabla hazijaanza kuzaliana. Ndo mana ni haraka vile.

Ngozi inategemea damu. Damu ikiganda, chembe sahani (vile vipande vidogo vya damu vinavyosaidia kugandisha) zinamwaga vichocheo, seli nyeupe zinakuja kusafisha, ndo ujenzi unaanza. Kwa mwenye kisukari kidonda kinakwama kwenye hiyo hatua ya kusafisha, vimeng'enya vya kusafishia vinabaki vingi mno vinakatakata hadi vile vichocheo vyenyewe, damu inafika kwa shida na neva zimekufa ganzi. Marekani walipitisha jeli ya kichocheo cha chembe sahani 1997, Cuba wana sindano ya kile cha Cohen wanachoma palepale kwenye kidonda tangu 2006, na 2018 Marekani wakapitisha matone ya jicho yanayotokana na kichocheo cha neva cha Rita, kwa watu ambao konea imepoteza hisia. Nafurahi sana vitu hivi vipo. Ila ukipaka jeli kwenye kidonda chenye nyama iliyokufa, na mgonjwa anakikanyaga kutwa nzima, ni kama kupeleka mafundi kwenye nyumba ambayo bado inaungua.

Mama hakupata hizo dawa. Alipata nesi mmoja mvumilivu ambaye kila wiki alikuwa anakwangua ile sugu nyeupe ngumu pembeni ya kidonda mpaka damu kidogo itoke, anasafisha, anafunga, na akatuelekeza tukate tundu kwenye soli laini ya ndani ya kiatu ili pale pasiguse chini. Sukari tukaisimamia nyumba nzima, hata wali tukapunguza wote. Kilipotimiza miezi saba kikafunga, ngozi mpya ikawa ya pinki, nyembamba, inang'aa.

Saivi kila jioni namwambia mama weka miguu hapa, namulika nyayo na tochi ya simu. Juzi nilikuta punje ya muhindi ndani ya kandambili yake, imeacha shimo jekundu kwenye kisigino, ameitembelea tangu asubuhi na hana habari.