Hata mbuzi anapumua

"Hata mbuzi anapumua."

Ndivyo alivyosema mama mkwe Jumapili kwenye maulidi, sahani ya matoke mkononi, hata hakuniangalia. Nilikuwa nimeegemea ukuta, macho nimefumba, navuta pumzi kwa hesabu ya nne, naishusha kwa hesabu ya sita, kama alivyonifundisha yule binti wa mazoezi ya viungo. Akauliza, "Unaumwa?" Nikasema, "Napumua tu mama, mgongo upoe." Ndipo akamleta huyo mbuzi. Wakacheka wote. Na mimi nikacheka, hilo ndilo linaloniudhi.

Shaban amerudi kutoka Arua, cherehani ya pili imepona, umeme umekatika siku mbili, na mimi bado niko na mbuzi. Napiga pasi, mbuzi. Naoga, mbuzi. Jibu lilinijia Jumatano ndani ya taksi, jamu ya Kibuye: mbuzi hahesabu, mama! Nne na sita ni sekunde kumi, dakika nzima pumzi sita tu. Ule ushushaji mrefu ndio unaoamsha neva ya vagasi, inayotoka kwenye ubongo ikapita shingoni mpaka tumboni, moyo ukapunguza mbio. Siku tatu nimechelewa.

Ijumaa mama mkwe akaja dukani kuchukua gauni lake la gomesi, akanikuta na nyaya za TENS, kile kimashine cha kutuliza maumivu kwa umeme mdogo, zimetoka chini ya blauzi. Jibu langu lilikuwa mdomoni, limeiva.

"Huo umeme hauui?"

"Ni betri tu, mama. Una kifaa chochote cha moyo?"

"Moyo wangu mzima. Goti ndilo limekufa."

Nikambandika vibandiko viwili, kimoja kila upande wa goti, nikawasha chini kabisa. Akakaza macho.

"Siafu. Wanatembea." Kisha, polepole, "Ongeza kidogo."

Nikamweleza habari za Melzack na Wall, watafiti wa maumivu, mwaka 1965: kwamba kwenye uti wa mgongo kuna kama mlango, na huo mtekenyo ukiwahi kupita, maumivu yanabanwa nje. Ndiyo maana ukijigonga unajisugua. Haiponyi, nikamwambia, nikizima mgongo wangu unarudi kuuma.

"Basi usizime."

Akaegemeza kichwa kwenye majora ya vitambaa, akashusha pumzi ndefu. Nikahesabu kimoyomoyo: tano, sita, saba. Mbuzi nikammeza.

Sasa saa nne usiku. Paka wa Zaituni hajaonekana tangu juzi, na ana mimba, na mvua hii.